Swali la Figo na Ubishi wa Miaka Mia



"Eleza jinsi figo inavyotengeneza mkojo." Hakuna aliyesoma biolojia katika Kidato cha Tano na cha Sita asiyelijua swali hili. Lilitujia katika majaribio, likatujia katika mitihani ya muhula, na kila mmoja wetu alikwenda kwenye mtihani wa mwisho, ule uliokuwa mlango wa kuingilia Chuo Kikuu, akiwa amejiandaa nalo. Jibu tulilijua kama tulivyoujua wimbo wa shule. Damu huchujwa katika glomerulasi. Vitu vyenye manufaa hufyonzwa tena katika mrija. Vitu vingine hutolewa na kuta za mrija. Kinachobaki ni mkojo. Kuchuja, kufyonza tena, kutoa. Maneno matatu, mchoro mmoja, na alama zako unazipata.

Wahariri waliponiomba niandike jambo la historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, niliona kwamba habari za majengo, za wakuu wa shule na za timu yetu ya mpira zina waandishi wa kutosha. Mimi nimechagua historia ya jibu hilo moja. Jibu hilo halikushuka kutoka mbinguni. Kila neno katika yale matatu lina mwenyewe, na wenyewe hao walibishana kwa muda unaozidi miaka 80, wengine wakaenda kaburini bila kujua nani alishinda. Naamini kijana anayejitayarisha kwa mtihani leo, akiujua ubishi huo, hatalisahau jibu tena. Na sisi tuliokwisha kuvuka tunayo sababu nyingine ya kulirudia somo hili, nami nitaitaja mwishoni.

WAZEE WA KALE

Kwanza ilibidi watu wakubaliane kwamba mkojo unatoka katika figo. Kwetu sisi ni jambo dogo, lakini zamani halikuwa dogo. Wako waliofundisha kwamba maji tunywayo hugeuka mvuke mwilini, na mvuke huo huingia katika kibofu na kuwa maji tena. Galen, daktari Mgiriki wa karne ya 2, mzaliwa wa mji wa Pergamon, aliona kwamba maneno peke yake hayatamaliza shauri. Alichukua mnyama hai, akazifunga kwa uzi ureta zake, yaani ile mirija miwili inayotoka katika figo kwenda kibofuni. Kibofu kikabaki kitupu, na ureta zikavimba juu ya mahali palipofungwa. Alipofungua uzi, mkojo ukamiminika kibofuni. Basi, mvuke ukawa umekwisha.

Lakini figo inafanyaje kazi yake? Galen alisema ina nguvu ya kuvuta sehemu ya majimaji kutoka katika damu. Hilo ni kulipa jambo jina tu, wala si kulieleza, na dunia ilikaa na jina hilo kwa zaidi ya miaka 1,400.

Mwaka 1662 kijana wa Kitaliano, Lorenzo Bellini, alichapisha kitabu kidogo kuhusu figo. Alikuwa na umri wa miaka 19, sawa na wengi wa wanafunzi wetu wa Kidato cha Sita. Wakubwa wake walisema figo ni nyama ngumu isiyo na umbo ndani yake. Bellini aliikata, akaiminya, akaona matone yakitoka katika vitundu vidogo, akatambua kwamba ile "nyama" ni mirija mingi sana iliyolazwa pamoja. Miaka minne baadaye, 1666, Marcello Malpighi wa Bologna alitumia hadubini. Alisukuma rangi nyeusi katika ateri ya figo, akaona vijidonge vidogo vimening'inia kwenye ncha za mishipa ya damu kama matunda mtini. Akahisi kwamba vijidonge hivyo vinahusiana na mirija ya Bellini, lakini kiungo chenyewe hakuweza kukionyesha. Hadubini zake hazikufika huko.

VIJANA WAWILI WA MWAKA 1842

Sasa twafika mahali penye utamu. Katika mwaka mmoja, 1842, vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1816, mmoja Uingereza na mwingine Ujerumani, kila mmoja peke yake, walitoa majibu mawili yasiyopatana.

Wa kwanza ni William Bowman wa London. Alisukuma maji ya rangi katika ateri ya figo, akaona rangi ikipasua vile vijidonge vya Malpighi na kumwagikia ndani ya mrija. Kiungo alichokikosa Malpighi kikapatikana: kila furushi la kapilari limekaa ndani ya kikombe, na kikombe hicho ndio mwanzo wa mrija. Ndiyo maana mpaka leo tunaandika "kapsuli ya Bowman" kwenye mchoro. Lakini alipojiuliza mkojo unafanyikaje, Bowman alisema hivi: kijidonge hutoa maji tu, uchafu wa damu, kama urea, hutolewa na chembe za kuta za mrija, maji yanayopita huuosha uchafu huo na kwenda nao. Kwa maoni yake, mrija ni kiwanda.

Wa pili ni Carl Ludwig wa Marburg. Yeye alikuwa mtu wa fizikia. Alitazama jinsi damu inavyoingia katika lile furushi kwa nguvu ya moyo, akasema hapa hapana siri: shinikizo la damu linasukuma maji pamoja na vitu vyote vidogo vilivyoyeyuka ndani yake, chumvi, sukari na urea, kupita katika kuta za kapilari. Protini na chembe za damu, kwa ukubwa wao, hubaki. Ni kama tui la nazi linavyopita katika kifumbu na machicha yakabaki. Kisha, maji hayo yakiteremka katika mrija, sehemu kubwa hurudi katika damu, na mkojo unakuwa mzito. Kwa maoni yake, mrija ni mahali pa kurudishia.

Mwanafunzi apime hapa. Mtu mmoja anasema mrija unatia vitu ndani. Mwingine anasema mrija unavitoa vitu na kuvirudisha. Wote wawili wanatazama figo ileile. Nani asadikiwe?

HESABU YA HEIDENHAIN

Kwa miaka mingi mizani ilimwelemea Ludwig. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Rudolf Heidenhain wa Breslau, mtu hodari sana wa majaribio. Mwaka 1874 alieleza jinsi alivyowadunga sungura rangi ya bluu katika damu, baada ya kulishusha sana shinikizo lao la damu ili kazi ya kuchuja isimame. Alipozikata figo, rangi aliiona katika chembe za kuta za mirija, wala hakuiona katika glomerulasi. Hoja ya Bowman ikapata nguvu: kuta za mirija zinatoa vitu.

Kisha akaleta hesabu. Mtu mzima aliyekula vizuri hutoa kiasi cha gramu 35 za urea kwa siku. Katika kila lita ya damu mna nusu gramu tu. Ikiwa urea inatoka kwa kuchujwa peke yake, kama alivyodai Ludwig, basi lazima zichujwe lita 70 kila siku. Na kwa kuwa mtu hakojoi zaidi ya lita 2, lita 68 zingelazimika kurudi katika damu. Heidenhain aliona hilo haliwezekani. Figo mbili, kila moja inayotoshea katika kiganja, zichuje lita 70 ili kuzirudisha 68? Ni nani mwenye akili afanyaye kazi ya namna hiyo?

Nawaomba wanafunzi waiweke akilini hesabu hiyo, maana tutairudia. Ilikuwa sahihi kabisa kwa kuzidisha na kugawanya. Kilichopungua ni jambo moja tu: Heidenhain alidhani kwamba kitu kikubwa mno hakiwezi kuwa kweli.

CHURA WA PHILADELPHIA

Ludwig alifariki mwaka 1895 na Heidenhain mwaka 1897. Bowman alikuwa amewatangulia mwaka 1892. Mwaka 1917 Arthur Cushny, aliyekuwa akifundisha London, aliandika kitabu kizima kuitetea hoja ya kuchuja na kufyonza tena. Lakini kitabu si ushahidi. Uliohitajika ni mkono wa kulichota lile tone ndani ya kapsuli yenyewe, kabla halijashuka katika mrija, na kulipima.

Mkono huo ulipatikana Philadelphia, Marekani. Kuanzia mwaka 1921, Joseph Wearn na Alfred Newton Richards walifanya kazi na chura. Figo ya chura ni nyembamba, na ukiimulika vizuri chini ya hadubini unaziona glomerulasi zikiwa hai, damu inakimbia ndani yake. Walivuta kioo katika moto mpaka kikawa sindano nyembamba mno, wakaiingiza katika kapsuli moja bila kuichana kapilari, wakanyonya tone dogo sana. Matokeo waliyachapisha mwaka 1924. Tone la kapsuli halikuwa na protini, bali lilikuwa na sukari na chumvi, kama damu ilivyokuwa nazo. Mkojo wa chura yuleyule kibofuni haukuwa na sukari.

Basi sukari ilikwenda wapi? Ilichujwa, kisha ikarudishwa njiani. Ludwig, miaka 29 baada ya kuzikwa, akashinda shauri lake. Kuchuja na kufyonza tena: maneno mawili katika yale matatu yakathibitika kwa tone la maji ya chura.

Na neno la tatu? Hilo nalo lilithibitika, na kwa hiyo Bowman na Heidenhain hawakushindwa kabisa. Katika miaka ileile ya 1920, E. K. Marshall wa Baltimore alionyesha kwamba rangi fulani aliyomdunga mbwa ilitoka katika mkojo kwa wingi kuliko iwezavyo kuchujwa. Baadaye akaonyesha samaki wa baharini ambao figo zao hazina glomerulasi hata moja, na bado wanatoa mkojo. Samaki asiye na chujio hawezi kuchuja. Kwake, mkojo wote unatengenezwa na kuta za mirija, kama Bowman alivyosema. Kwa hiyo tulipoandika "kuchuja, kufyonza tena, kutoa", tulikuwa tunaandika hukumu ya kesi ambayo pande zote mbili zilipata haki.

KAMONGO WA ZIWA VICTORIA

Wenzetu waliotoka Mwanza, Musoma na Bukoba wanamjua kamongo, yule samaki mrefu mwenye mapafu. Wengi hawajui kwamba naye ana nafasi katika historia hii.

Mwaka 1928 mtaalamu wa Kimarekani, Homer Smith, alikuja mpaka Ziwa Victoria kumtafuta samaki huyo. Alitaka kujua mwili unafanyaje maji yanapokuwa haba. Kamongo akiwa majini hutoa takataka zake nyingi kwa njia ya amonia, ambayo ni sumu kali na yahitaji maji mengi ya kuichukua. Maji yakikauka hujichimbia matopeni, akajifunika kwa gamba la ute, akapumua kwa mapafu na kungoja mvua. Smith alionyesha kwamba katika hali hiyo kamongo hatoi mkojo. Takataka zake huzigeuza kuwa urea, ambayo si kali, naye huiweka mwilini kwa miezi mingi mpaka maji yarudi. Mwaka 1932 Smith alitoa hadithi ya kubuni aliyoipa jina la samaki huyo, "Kamongo", jina la Kijaluo kwenye jalada la kitabu cha Marekani.

Smith huyohuyo, pamoja na wenzake, na kundi la Richards kwa upande wao, ndio waliopata njia ya kupima kiasi cha maji yanayochujwa na figo ya mtu aliye hai. Walitumia inulini, aina ya wanga unaopatikana katika mizizi ya mimea kama dalia. Inulini hupita katika chujio bila shida, haifyonzwi tena, wala haitolewi na kuta za mrija. Kwa hiyo ukijua kiasi kilichomo katika damu na kiasi kilichotoka katika mkojo, unajua ni maji kiasi gani yaliyochujwa. Kufikia mwaka 1935 njia hiyo ilikuwa tayari. Jibu ni takriban mililita 125 kila dakika kwa kijana mwenye afya. Zidisha kwa dakika 1,440 za siku: lita 180.

Lita 180! Yaani madebe tisa ya lita 20, karibu kulijaza pipa la mafuta. Heidenhain alizikataa lita 70 kwa kuwa ni nyingi mno, kumbe ukweli ulikuwa unazidi mara mbili ya zile alizozikataa. Tena sababu ya tofauti hiyo inaeleweka: sehemu kubwa ya urea nayo hurudi katika damu, hivyo lazima zichujwe lita nyingi zaidi. Katika lita hizo 180, zaidi ya 178 hurudishwa.

Kwa nini mwili ufanye kazi inayofanana na ujinga? Nawakumbusha usafi wa Jumamosi bwenini. Hatukutafuta takataka moja moja chini ya vitanda. Tulitoa vitanda, magodoro na masanduku yote nje, kisha tukarudisha vile tunavyovijua. Kisichokuwa na mwenyewe kilibaki nje. Figo hufanya hivyohivyo. Haina haja ya kuitambua kila sumu duniani. Inatosha kuvitambua vitu vyake na kuvirudisha. Sumu ambayo mwili haujawahi kuiona, ikiwa ni ndogo ya kupita katika chujio, itatoka pamoja na uchafu mwingine.

KITANZI

Limebaki jambo moja lililowatesa watahiniwa wengi: kitanzi cha Henle. Jakob Henle alikieleza mwaka 1862, lakini kwa miaka 80 hakuna aliyeeleza vizuri kwa nini mrija ushuke chini, ugeuke, na kupanda tena. Aliyeleta jibu ni mtu wa kemia, Werner Kuhn wa Basel, mwaka 1942, pamoja na mwenzake Kaspar Ryffel. Wazo lake, kama linavyofundishwa leo, ni hili: mirija miwili ikilala ubavu kwa ubavu, maji yakaenda pande zinazopingana, na upande unaopanda ukasukuma chumvi nje bila kuyaachia maji, basi tofauti ndogo itajikusanya hatua kwa hatua, mpaka chini kabisa ya kitanzi pawe na chumvi kali. Mkojo ukipita hapo katika mrija wa mwisho, maji yatavutwa nje na mkojo utakuwa mzito. Vipimo vya mwaka 1951 vilionyesha kwamba kweli, kadiri unavyoingia ndani ya figo, ndivyo chumvi inavyozidi.

Malango ambayo maji hupitia katika chembe yaligunduliwa baadaye, na Peter Agre, ambaye mwaka 2003 alipata nao Tuzo ya Nobel. Kitabu chetu hakikuwa na habari hiyo. Vya leo vinayo. Hapa Afrika Mashariki, Geoffrey Maloiy wa Nairobi alichapisha mwaka 1973 utafiti wake juu ya maji katika mwili wa digidigi. Mnyama huyo mdogo wa nyika anaweza kuufanya mkojo wake uwe mzito kuliko wetu mara kadhaa. Anayetaka mfano wa kuandika katika mtihani, asiende jangwa la mbali. Digidigi yuko hapa.

KWA WANAFUNZI, NA KWA WAZEE WENZANGU

Wanafunzi, mtihani wa siku hizi hauulizi daima "eleza". Waweza kuulizwa: kwa nini mgonjwa wa kisukari ana sukari katika mkojo ingawa figo yake ni nzima? Mtu aliyekariri maneno matatu atakwama. Anayekumbuka tone la chura atajua kwamba sukari huchujwa kwa kila mtu. Tofauti ni kwamba mrija una kikomo cha kurudisha, na sukari ikizidi kikomo hicho, hubaki njiani. Waweza kuulizwa kwa nini aliyepoteza damu nyingi huacha kukojoa. Mkumbuke Ludwig: bila shinikizo hapana kuchuja. Kila swali la figo linarudi kwa mmoja wa watu hawa.

Nanyi wazee wenzangu, tumefika umri wa kupimwa shinikizo la damu na sukari kila tuendapo kliniki. Msidhani daktari anajisumbua bure. Magonjwa hayo mawili ni kati ya yanayoongoza kwa kuyaharibu yale mafurushi madogo ya kapilari, ambayo kila figo inayo kama milioni moja, na yakifa hayaoti mengine. Mwaka 1943, katika Uholanzi iliyokuwa imetekwa na Wajerumani, daktari Willem Kolff alitengeneza mashine ya kusafisha damu kwa kutumia selofani ya kufungia soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 akapona. Mashine za siku hizi zimetokana na kazi hiyo. Ni msaada mkubwa, lakini mgonjwa hulazwa kando yake kwa kawaida saa nne, mara tatu kwa wiki. Mashine hiyo huchuja tu. Haijui kuchagua kama mrija unavyochagua, ndiyo maana mgonjwa hupimiwa hata maji ya kunywa.

Lile pipa zima ambalo Heidenhain hakuliamini, figo zako zimelichuja jana, zinalichuja leo, nawe hukuzisikia. Kapime presha. Na wewe kijana, chora ule mchoro tena leo jioni, na mbele ya kila jina uandike mwaka wake.